Tupunguze Unene kwa Mazoea, si kwa Hesabu

Lugha ni kioo cha jamii. Anayetaka kujua jamii fulani inauonaje mwili wa binadamu hana haja ya kwenda mbali. Na asikilize tu jinsi watu wanavyosalimiana. Hapa Timbwani, na kote Likoni, mtu aliyerejea kutoka safari ndefu huku mashavu yamemjaa hupokewa kwa maneno, "Maashallah, umenawiri!" Kunawiri ni neno lenye nasaba moja na nuru, na maana yake ya asili ni kung'ara. Lakini katika maamkizi ya kila siku limekuja kumaanisha kuongezeka mwili. Aliyepungua kilo mbili tatu naye huvutwa kando na kuulizwa kwa sauti ya chini, "Shoga, mbona umekonda hivi? Una nini?" Hata tashbihi zetu zinamwelemea mwembamba: amekonda kama ng'onda, huyo ni kimbaumbau. Mnene ana tipwatipwa yake, ndiyo, lakini hiyo husemwa kwa kicheko na wala si kwa huruma.

Mtazamo huu una sababu zake, na hatuna haki ya kuubeza. Kwa karne nyingi njaa ilikuwa jirani, na mwili mpana ulikuwa ushahidi kwamba nyumbani mna chakula. Kisha ikaja miaka ya themanini. Mnamo 1985 madaktari walieleza katika jarida la kitabibu la Lancet juu ya ugonjwa mpya nchini Uganda ambao wananchi waliuita "slim", kwa jinsi ulivyowamaliza watu miili. Ulikuwa ni ukimwi. Tangu hapo kukonda kukawa tuhuma katika Afrika Mashariki nzima. Wako watu wazima hadi leo ambao huogopa kupunguza uzito, hata daktari anapowashauri, kwa kuwa wanajua yatakayosemwa barazani.

Hata hivyo, dunia imegeuka na lugha yetu haijageuka nayo. Uchunguzi wa kitaifa wa afya na idadi ya watu wa 2008 hadi 2009 ulionyesha kwamba robo ya wanawake wa Kenya wenye umri kati ya miaka 15 na 49 walikuwa na uzito uliopita kiasi. Uchunguzi wa 2014 ukaonyesha kuwa wamefika asilimia 33. Ule wa 2022, uliowahesabu wanawake wa miaka 20 hadi 49, ulitaja asilimia 45. Tofauti ya umri waliohesabiwa inatuzuia kuzilinganisha takwimu hizi sako kwa bako, lakini mwelekeo wake hauna shaka. Wanaume wako nyuma, si kwamba wamesalimika. Mwaka 2015 uchunguzi mwingine wa taifa juu ya maradhi yasiyoambukiza uligundua kwamba takriban asilimia 24 ya watu wazima walikuwa na shinikizo la damu lililopanda, na kwamba zaidi ya nusu ya watu wazima hawakuwahi kupimwa shinikizo hilo maishani mwao. Unene peke yake si ugonjwa wa kumlaza mtu kitandani, lakini ni mlango ambao kisukari, shinikizo la damu na maradhi ya moyo hupenda kuingilia.

Mimi ni mwalimu wa isimu, si tabibu. Ninaandika haya kwa sababu tatizo hili, kwa sehemu kubwa, ni la mazoea, na mazoea hukaa katika maneno kabla ya kukaa mwilini. Isitoshe, neno moja geni limeingia madarasani mwetu na kuleta tafrani: kalori.

Vijana wengi, hususan wasichana wa shule za upili na vyuo, siku hizi hubeba katika simu zao programu za kuhesabu kalori. Asubuhi huandika kikombe cha chai, adhuhuri sahani ya wali, jioni tunda. Na simu huwaambia kama wamefaulu au wameanguka, mithili ya msahihishaji wa mtihani. Si vibaya kujua neno hili limetoka wapi. Asili yake ni Kilatini, calor, yaani joto. Kalori ya chakula ni kiasi cha joto kinachotosha kupandisha ujoto wa kilo moja ya maji kwa digrii moja ya sentigredi. Kilikuwa kipimo cha wanafizikia na wahandisi. Aliyekifanyia kazi kubwa katika chakula ni mkemia Mmarekani, Wilbur Atwater, mwishoni mwa karne ya kumi na tisa, alipopima nguvu zilizomo katika vyakula vya aina aina. Kisha mnamo 1918 daktari mmoja wa Marekani, Lulu Hunt Peters, akachapisha kitabu kilichowafundisha wanawake wa nchi yake kuhesabu kalori ili wapungue. Kitabu kile kiliuzwa mno, na mtindo ukaenea ulimwenguni.

Sisemi kwamba sayansi ya Atwater ni uongo. Mwili unaopokea nguvu nyingi kuliko unazotumia utaweka akiba, na akiba hiyo ni mafuta. Wako pia waliohesabu wakapungua. Ninalosema ni kwamba kanuni kuwa ya kweli ni jambo moja, na kuifanya kuwa kamba ya kumwongozea mtu kila siku ni jambo jingine.

Hebu tuitie kanuni hiyo katika nyumba ya Timbwani. Wali wa nazi umepakuliwa katika sinia, na watu wanne wamelizunguka. Nani atahesabu matonge ya nani? Na wali wenyewe una kalori ngapi? Inategemea nazi zilikuwa ngapi, zilikuwa za namna gani, na kama mpishi ametia tui la kwanza lote au ameliongeza maji. Mpishi hodari wa Pwani hapimi kwa mizani. Hupima kwa jicho na kwa mkono. Mahamri ya nyumba hii si mahamri ya nyumba ile. Hata huko kwenye vyakula vya pakiti vyenye maandishi ya kiwandani, sheria ya Marekani huruhusu idadi halisi kupita ile iliyoandikwa kwa hadi asilimia 20. Basi kijana anayejinyima kipande cha muhogo ili hesabu yake isipite kalori hamsini anacheza na tarakimu ambazo zenyewe hazina uhakika wa kiasi hicho.

Kuna madhara makubwa kuliko kukosea hesabu. Chakula kikishageuka kuwa alama, anayekula hugeuka kuwa mshtakiwa. Walimu wamewaona wanafunzi wanaoacha kiamshakinywa, wakasinzia katika somo la tatu, kisha jioni njaa ikawashinda wakala mara mbili ya kawaida na kulala na majuto. Wahenga walikwisha kulieleza jambo hili kwa ufupi: shibe mwana malevya, njaa mwana malegeza. Mwenye kulegezwa na njaa mchana ndiye huyo huyo alevywaye na shibe usiku.

Je, inawezekana kupungua bila kuhesabu? Inawezekana, na ushahidi upo. Mnamo 2018 Christopher Gardner na wenzake wa Chuo Kikuu cha Stanford walichapisha matokeo ya jaribio la miezi kumi na miwili lililowashirikisha watu wazima 609. Nusu waliagizwa kupunguza mafuta, nusu wakaagizwa kupunguza vyakula vya wanga. Hakuna kundi lililowekewa kikomo cha kalori. Makundi yote mawili yaliambiwa wale mboga kwa wingi, wajiepushe na sukari na unga uliokobolewa, na wale vyakula vilivyo karibu na asili yake. Mwisho wa mwaka kundi la kwanza lilikuwa limepungua wastani wa kilo 5.3 na la pili kilo 6.0, tofauti ambayo kitakwimu haina uzito. Wako waliopungua sana, na wako walioongezeka; miili haifanani. Lakini funzo kuu ni kwamba watu walipungua kwa kubadili aina ya chakula na namna ya kula, bila ya kuandika tarakimu ya kikomo.

Mwaka uliofuata, 2019, Kevin Hall na wenzake wa taasisi ya taifa ya afya ya Marekani waliwaweka watu 20 mahali pamoja kwa wiki nne. Kwa wiki mbili walipewa vyakula vilivyosindikwa kupita kiasi viwandani, na kwa wiki mbili vyakula vya kawaida visivyosindikwa hivyo. Milo ililinganishwa kwa sukari, mafuta na nguvu iliyowekwa mezani, na kila mtu aliruhusiwa kula hadi aridhike. Walipokula vyakula vya viwandani walikula kalori zipatazo 500 zaidi kila siku, tena walikula kwa haraka zaidi, wakaongezeka kilo 0.9. Walipokula vile vya kawaida walipungua kiasi hicho hicho. Hakuna aliyewaambia wale kidogo. Chakula chenyewe ndicho kilichowaambia.

Hapo ndipo ninaporudi katika lugha, maana Kiswahili kina hazina ya maneno ya kazi hii. Tuna kushiba, tuna kukinai, tuna kuvimbiwa. Haya si visawe. Aliyeshiba amepata haja yake. Aliyekinai ameridhika, moyo wake umeondoka katika chakula ijapokuwa sahani bado ina kitu. Aliyevimbiwa amevuka mpaka na sasa anatafuta tangawizi. Ladha ya mwisho ya tonge, kupungua kwa hamu, uzito wa mkono kurudi sahanini: hizo ndizo dalili za kukinai, na zinahitaji muda ili zisikike. Anayekula huku akitazama simu, au anayemeza chipsi akikimbilia kivuko, hufika kwenye kuvimbiwa bila ya kupitia kukinai. Mafunzo ya Kiislamu yanayojulikana kote Pwani yanamtaka mtu aligawe tumbo mafungu matatu: la chakula, la maji na la pumzi. Hicho ni kipimo kisichohitaji kikokotoo.

Lakini lugha hiyo hiyo ina mtego. Tunasema chakula na kitoweo. Chakula ni wali, ugali, chapati, muhogo. Kitoweo ni samaki, kunde, mchicha, yaani kitu cha kutowelea. Kwa mgawanyo huo tumejifunza tangu utotoni kwamba wali ndio mlo wenyewe, na mboga ni msindikizaji tu. Ndiyo maana mtu aliyekula bakuli la mbaazi na samaki wa kuchoma bila wali husema kwa dhati kwamba hajala. Pindueni uhusiano huu na sehemu kubwa ya kazi itakuwa imekwisha: mchicha, kisamvu, mchunga au majani ya kunde vichukue nusu ya sahani, samaki, maharagwe au mbaazi robo, wali nao uridhike na robo iliyobaki. Hakuna kilichoharamishwa. Kilichobadilika ni nani mwenyeji na nani mgeni katika sahani.

La pili ni sukari, na hapa naomba tufanye hesabu moja tu, kisha tuiache. Kijiko cha chai cha sukari kina gramu zipatazo nne. Anayetia vijiko vitatu katika kikombe, na kunywa vikombe vinne kwa siku, amekunywa gramu 48. Shirika la Afya Duniani hushauri mtu mzima asivuke takriban gramu 50 kwa siku kutoka vyanzo vyote, na ni bora zaidi akiishia nusu yake. Yaani chai peke yake imemaliza fungu, kabla ya soda ya mililita 300 yenye sukari karibu gramu 30, na kabla ya kaimati. Dawa yake si kuacha chai. Ni kupunguza nusu kijiko kila baada ya wiki mbili, hadi ulimi uzoee. Na asiseme mtu kwamba ulimi wa Mswahili hauwezi: wazee wetu wamekunywa kahawa tungu barazani vizazi na vizazi, na utamu wakauachia kipande kidogo cha kashata.

La tatu ni mafuta ya karai. Viazi karai, bhajia na mahamri ni fahari ya vichochoro vyetu, na sitaki kuishi katika Timbwani isiyo na harufu yake. Lakini kitu kilichokuwa cha Jumapili au cha magharibi ya Ramadhani kimekuwa cha kila asubuhi na kila jioni. Muhogo wa kuchemsha au wa kuchoma, kiazi kitamu, hindi la kuchoma, hivi navyo ni vyetu, na huuzwa barabara hiyo hiyo. Embe, papai na ndizi ndivyo kishushio. Maji ndiyo kinywaji.

La nne ni mwendo. Mnamo 1953 daktari Mwingereza Jeremy Morris na wenzake waliwalinganisha madereva na makondakta wa mabasi ya ghorofa ya London. Dereva alikaa kutwa. Kondakta alipanda na kushuka ngazi akikusanya nauli. Makondakta walipatikana na maradhi machache ya moyo kuliko madereva. Mnamo 1956 watafiti hao walichungua vipimo vya sare zao na kuona kwamba madereva walikuwa na viuno vipana zaidi. Lenye kutia moyo ni hili: hata kondakta mnene alikuwa na nafuu ya moyo akilinganishwa na dereva mnene. Maana yake ni kwamba kutembea humlipa mtu hata kabla mizani haijasogea.

Likoni ni mji uliojengwa juu ya miguu. Maelfu huvuka feri kila siku, wakiteremka na kupanda mteremko wa kivuko kwa hatua zao wenyewe. Lakini kutoka majumbani hadi kivukoni, boda boda na tuktuki zimetwaa safari ambazo zamani zilikuwa za miguu. Shirika la Afya Duniani hupendekeza angalau dakika 150 za mwendo wa kutoa jasho jepesi kwa wiki, ambazo ni nusu saa kwa siku tano. Mwenye afya anayeiacha boda boda wakati wa kwenda, akaipanda wakati wa kurudi akiwa amechoka na mizigo, tayari amelipa sehemu kubwa ya deni hilo, na nauli imebaki mfukoni. Maji yakipwa, mchanga wa Shelly Beach haudai kiingilio.

Najua kuna watakaonijibu kwamba haya ni maneno ya wenye mishahara. Nyumba ngapi hapa hula kinachopatikana, wala si kinachochaguliwa? Hoja hiyo ina haki. Unga, sukari na mafuta ndivyo vinavyojaza tumbo kwa bei nafuu, na si ajabu nyumba moja kuwa na mtoto aliyedumaa na mama aliyenenepa, wote wawili kwa sababu ya mlo ule ule mkavu. Simwambii asiye na chakula apunguze. Lakini yapo yasiyoongeza gharama: fungu la mchicha aghalabu halishindi soda kwa bei, na sukari iliyopunguzwa ni pesa iliyookolewa. Wengine watasema wanawake hawana pa kufanyia mazoezi, na kwamba alfajiri kuna mitaa isiyo salama. Ni kweli, na ni aibu ya viongozi wala si ya wanawake. Kwa sasa majirani watano wanaotembea pamoja baada ya alasiri, na mabuibui yao, ni kundi lenye usalama, mazungumzo na mazoezi kwa pamoja.

Kwa walimu wenzangu nina maombi matatu. Kwanza, kipindi cha elimu ya viungo kisigeuzwe mkopo wa hisabati. Mtoto anayenyimwa kukimbia hapati alama zaidi. Hupata kitambi mapema. Pili, tuangalie kinachouzwa langoni mwa shule. Tukizungumza kwa heshima na akina mama wanaouza pale, wengi wataweza kuweka ndizi na mahindi kando ya chipsi, ili mradi wateja wapo. Tatu, tupige marufuku darasani maneno ya kuchekea miili. Kimbaumbau na tipwatipwa hayamponyi mtu. Kijana anayedhihakiwa hujificha, na anayejificha hula kwa siri na hachezi hadharani.

Kwa wanafunzi nina moja. Miili yenu bado inajengwa. Msishindane kukonda, wala msifungie mlo katika simu. Leni mkiwa na njaa, acheni mkikinai, laleni mapema, maana asiyelala vya kutosha huamka na hamu ya kula kuliko kawaida. Mwenye kisukari, mjamzito au anayetumia dawa, na amwone daktari kabla ya kubadili mlo wake.

Matokeo hayatakuja kwa wiki mbili, na anayeahidi hivyo ni mfanyabiashara. Lakini si lazima yawe makubwa ndipo yafae. Madaktari wanakubaliana kwamba mtu mnene akipungua asilimia tano tu ya uzito wake, shinikizo la damu na sukari huanza kutulia; kwa mwenye kilo 80 hizo ni kilo nne. Haba na haba hujaza kibaba, na haba na haba hukipunguza pia. Tukumbuke kwamba unene wetu haukuja kwa mlo mmoja. Ulikuja kijiko kwa kijiko, karai kwa karai, safari kwa safari ya pikipiki, na kwa njia hiyo hiyo unaweza kuondoka.

Na siku utakapokutana na mwenzako aliyepungua kwa jitihada, usimuulize ana nini. Mwambie amenawiri. Neno ni lile lile. Ni sisi tulilolipa maana ya uzito, na ni sisi tunaoweza kulirudishia nuru yake.